Mgeni Angani: Mchezo wa EVE Online kwa Anayeanza, Kibera na Kawangware

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na mkufunzi wa kujitolea wa kompyuta mbele ya vijana na wazazi kutoka Kibera na Kawangware. Tunayachapisha karibu yote kama yalivyosemwa, kwa manufaa ya wakaazi ambao hawakuweza kufika.

Najua wenye vibanda wamefunga biashara mchana huu ili wafike, na waliotoka Kawangware wengine wametembea mpaka hapa. Sitawapotezea muda.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumze juu ya hatari za michezo ya mtandaoni. Nitazitaja hatari. Lakini nikizitaja peke yake, vijana hawa watanisikiliza kwa adabu, kisha watatoka hapa waende palepale walipokuwa wakienda. Kwa hivyo nimechagua mchezo mmoja tu, ambao nimekuwa nikiucheza na baadhi ya wanafunzi wangu. Nitaeleza ulivyo, unagharimu nini, mitego iko wapi na faida ni ipi, ili mzazi ajue mwanawe anafanya nini anaposema yuko angani.

Mchezo huo unaitwa EVE Online. Ulitengenezwa na kampuni ya CCP iliyoko Reykjavík, Iceland, na ulifunguliwa kwa umma tarehe 6 Mei 2003. Iceland ni nchi ambayo watu wake wote hawafiki 400,000. Sisi hapa Nairobi peke yetu, kwa sensa ya 2019, tulikuwa 4,397,073. Nawaambia haya kwa sababu kuna mzee aliniuliza juzi kama vitu hivi vinaweza kutengenezwa na watu wachache wa mahali padogo. Vinaweza. Hata hapa kwetu, mwaka 2015 Andrew Kaggia na kampuni yake ya Black Division Games walitoa Nairobi X, mchezo wa kupigana na wavamizi kutoka anga za nje, na vita vyenyewe viko humu humu mjini.

Sasa, EVE si kama mpira wa PlayStation mnaolipia kwa mechi pale kibandani. Mechi ya mpira inaisha, mnafungana, mnabishana, mnaenda nyumbani. EVE haiishi. Ni ulimwengu wa nyota zaidi ya 7,000, kila nyota na sayari zake, na karibu wachezaji wote duniani wamo ndani ya seva moja iliyoko London, isipokuwa wale wa China walio na seva yao. Ukiwa Laini Saba unakutana na mtu wa Urusi, wa Brazil, wa Australia, wote mko katika anga moja na kila mmoja anataka kitu. Ukilala, wao wanaendelea. Bei sokoni zinapanda na kushuka. Vita vinaanza na kwisha.

Mgeni anapewa chombo kidogo cha bure na mafunzo mafupi, kisha anaachwa. Hakuna anayemwambia lengo ni nini. Hapo ndipo wengi wanapotoka. Wanauliza, "Mwalimu, nashindaje?" Hakuna kushinda. Unaweza kuchimba madini kwenye mawe yanayoelea, unaweza kuunda vyombo na kuviuza, kubeba mizigo ya watu, kupigana, kupeleleza, au kukaa sokoni mwaka mzima bila kufyatua risasi hata moja. Ni kama kushuka basi pale Machakos kwa mara ya kwanza, begi mkononi, na hujui hata mwelekeo wa mjini. Jambo la kwanza unaloambiwa ni lile lile: shika begi lako vizuri.

Niseme kuhusu usalama, maana hapo ndipo mgeni anapopoteza kila kitu wiki ya kwanza.

Kila nyota ina alama ya usalama, kuanzia 1.0 kushuka mpaka 0.0 na chini yake. Kuanzia 0.5 kwenda juu ni eneo lenye polisi, wanaoitwa CONCORD. Kati ya 0.4 na 0.1 polisi hao hawaji. Kwenye sifuri hakuna serikali kabisa; wachezaji wenyewe ndio wenye mipaka, kodi na majeshi. Mgeni akisikia "eneo lenye polisi" anadhani hawezi kuguswa. La. CONCORD hawazuii uhalifu, wanauadhibu. Anayekushambulia atalipuliwa, hilo ni hakika, lakini huenda wewe umeshalipuliwa kabla yake. Wahalifu wanalijua hilo na wanapiga hesabu: mzigo wako ukiwa na thamani kuliko vyombo vyao watakavyopoteza, wanakuja. Mzigo ukiwa mdogo, wanakuacha upite. Kina mama wanaotoka Marikiti alfajiri wakiwa na pesa za bidhaa wanaelewa hesabu hiyo bila mimi kuieleza. Usibebe vyote safari moja. Usiache mzigo ukijiendesha wenyewe huku umeenda kupika chai.

Kuna kitufe kidogo cha usalama kwenye skrini, chenye rangi ya kijani, manjano na nyekundu. Kikiwa kijani, mchezo unakuzuia kufanya kosa lolote litakalokufanya uhesabiwe mhalifu. Mgeni akiache kijani. Mtu atakuja akuambie ukibadilishe ili uokote kasha fulani lililoachwa wazi. Kasha hilo ni chambo. Ukiliokota unahesabiwa mshukiwa, na yeye anaruhusiwa kukupiga mbele ya polisi nao wakitazama.

Na kampuni yenyewe inasemaje juu ya utapeli? Inauruhusu. Nasema polepole ili wazazi wanisikie: ndani ya EVE, kumdanganya mwenzako umchukulie chombo ama pesa za mchezo si kosa. Kosa ni kumsumbua mgeni katika zile nyota chache za kuanzia, kuchezea programu, kumtukana mtu kwa kabila lake au rangi yake, na kuuza mali ya mchezo kwa pesa halisi. Ukitapeliwa katika biashara, ukaandika malalamiko, utajibiwa kwa heshima na hutarudishiwa kitu.

Wengine wameshtuka. Mimi nilipoanza kuwafundisha vijana mchezo huu, sehemu hii ndiyo iliyonifanya niendelee. Kuna soko kubwa kuliko yote katika nyota inayoitwa Jita. Ukiingia Jita, maandishi yanapita mfululizo: "Nitumie milioni moja nikurudishie mbili." Mtu anatuma kidogo kujaribu, anarudishiwa mara mbili kweli. Anatuma tena, anarudishiwa. Anatuma akiba yake yote, kimya. Walio na umri wangu wanakumbuka DECI, ule mradi wa upatu ulioanguka mwaka 2007 na pesa za watu. Ni mbinu ile ile, hatua kwa hatua. Ningependa kijana wa miaka 18 aliwe pesa za kuchezea pale Jita, akasirike, aandike kwenye daftari jinsi alivyoliwa, kuliko aliwe ada ya chuo akiwa na miaka 20 na mtu aliyemtumia ujumbe kwenye simu.

Hilo daftari nalisisitiza. Wanafunzi wangu wanalicheka, lakini kila anayecheza nami anaandika: leo nimenunua nini, kwa bei gani, wapi, nimeuza wapi. Karibu kila kitu kinachouzwa mle kimeundwa na mchezaji kutokana na madini yaliyochimbwa na mchezaji mwingine. Kwa hivyo bei si ya kubuni. Vita vikitokea upande mmoja, vyombo vinapanda bei huko kwa sababu watu wamevipoteza na wanataka vingine upesi. Mwaka 2007 kampuni ilimwajiri mwanauchumi, Eyjólfur Guðmundsson, kazi yake ikiwa kufuatilia uchumi wa mchezo huo kama unavyofuatiliwa uchumi wa nchi.

Sasa nitasema neno ambalo vijana hawatalipenda. Katika mchezo huu, mama mboga wa pale Kawangware atamshinda mwanawe. Mwanawe anataka chombo kikubwa cha kivita. Mama anajua kwamba sukuma ya Marikiti saa kumi alfajiri si bei ya sukuma ya Gatina saa moja jioni, na kwamba faida iko katikati, kwenye usafiri na kwenye kujua nani anahitaji nini. Jita ni Marikiti. Kuna nyota ndogo za pembeni ambako mgeni aliyeishiwa risasi atanunua kwa bei yoyote kuliko kusafiri nyota 15 kuzifuata. Anayefikisha risasi hizo pale ana riziki ya kila siku. Nina msichana mmoja darasani, mama yake anauza mtumba Toi, ambaye hajawahi kupigana hata mara moja. Anauza vipuri. Wavulana wote wanamkopa.

Tuje kwenye gharama, ambayo najua ndiyo iliyowaleta wengine hapa.

Tangu Novemba 2016 mtu anaweza kucheza bila kulipa. Akaunti ya bure ina mipaka: haiwezi kurusha kila chombo, na ujuzi wake unafika kiwango fulani ukakoma. Anayetaka yote analipa kwa mwezi dola 19.99, yaani karibu KSh 2,600. Kwa wengi wetu hiyo ni sehemu kubwa ya kodi ya nyumba. Ushauri wangu ni mfupi: usilipe. Akaunti ya bure ina mambo ya kukutosha mwaka mzima na zaidi.

Kuna jambo moja katika mchezo huu ambalo huwa naliona kama liliwekwa kwa ajili yetu, ingawa najua haikuwa hivyo. Ujuzi wa mchezaji haukui kwa kubofya bofya usiku kucha. Unachagua unachotaka kujifunza, na saa inaanza kuhesabu, dakika 20, saa 6, siku nzima. Unaendelea kukua hata ukizima kompyuta. Hata stima ikipotea mtaa mzima. Akaunti ya bure inaruhusu kupanga masomo ya saa 24 mbele, kwa hivyo mwenye kibarua cha mjengo anaweza kuingia dakika 10 jioni, akapanga masomo, akatoka, na kesho yake akakuta amesonga mbele sawasawa na tajiri wa Oslo mwenye akaunti ya bure kama yake.

Jambo la pili ni umbali. Kwenye michezo ya kufyatuliana risasi, mtu wa Nairobi anayecheza na seva ya Ulaya ameshindwa kabla hajaanza, kwa sababu amri yake inafika ikiwa imechelewa. Seva ya EVE inapiga hesabu mara moja kwa sekunde. Amri yako ikichukua sehemu ya sekunde kupita kwenye nyaya za baharini kutoka Mombasa, bado iko ndani ya sekunde ile ile na ya mtu aliye London. Vita vikiwa vikubwa mno, seva inapunguza mwendo wa muda wenyewe, kila kitu kinakwenda polepole kwa wote. Hapo hakuna wa mbali wala wa karibu. Bila shaka nyaya zikikatika, kama zilivyokatika Mei 2024, hakuna hesabu itakayotusaidia.

Bando je? Kupakua mchezo ndiko kunakouma, ni gigabaiti nyingi. Usipakue kwa bando la simu. Tafuta mahali penye waifai ya kudumu, upakue mara moja, na kama mko wanne mnaotumia kompyuta za saiba moja, mwombeni mwenyewe uwekwe mara moja kwenye kila mashine. Baada ya hapo kucheza kwenyewe hakuli bando kama kutazama video. Kompyuta ya mtumba inatosha ukipunguza picha mpaka kiwango cha chini, lakini yenye RAM chini ya gigabaiti 8 itakusumbua. Kwa wenye simu peke yake kuna EVE Echoes, iliyotolewa mwaka 2020 na kampuni ya NetEase pamoja na CCP. Huo ni ulimwengu wake mbali. Ukianza huko hukutani na wenzako walio kwenye kompyuta.

Lugha pia ni gharama. Kiswahili hakimo. Ni Kiingereza, na Kiingereza kigumu chenye maneno ya biashara na sheria. Mwanafunzi wangu mmoja aliyeacha shule darasa la nane anasoma mikataba ya kubeba mizigo yenye masharti manne, kwa sababu asiposoma anapoteza dhamana. Mkataba mmoja unasema peleka mzigo huu, weka dhamana ya milioni 50. Thamani ya mzigo wenyewe ni milioni 5. Ukiuliza kwa nini, unagundua njia inapita kwenye nyota ya 0.3 na aliyeandika mkataba anakungoja hapo. Akulipue, mzigo upotee, achukue dhamana. Kusoma masharti madogo kumemwingia kijana huyo kuliko nilivyoweza kumfundisha mimi ubaoni.

Sasa hatari zenyewe.

Ya kwanza ni mkopo wa simu. Kijana mmoja wa huku, sitamtaja, alikuwa amecheza wiki tatu tu. Akaona wenzake wana vyombo vikubwa. Mchezo unaruhusu kununua kitu kinachoitwa PLEX kwa pesa halisi, ukakiuza sokoni kwa pesa za mchezo. Njia hiyo ni halali na kampuni ndiyo inayopata faida. Alikopa KSh 3,000 kwenye programu ya mikopo, akamlipa mtu mwenye kadi amnunulie, akauza PLEX, akanunua chombo ambacho hakuwa na ujuzi wa kukiendesha. Alikaa nacho siku mbili. Kililipuliwa na watu watatu ambao kazi yao ni kungoja wageni wa namna hiyo. Deni la simu liliendelea kukua. Waliokuwa wakipigiwa simu za kudaiwa ni mama yake, dada yake na mchungaji wao, kwa sababu programu ilisoma namba zote. Mama alilipa, kwa pesa za chama.

Wachezaji wa zamani wana sheria yao ambayo kila mgeni anaambiwa siku ya kwanza: usirushe chombo ambacho huwezi kumudu kukipoteza. Hesabu kwamba kimeshapotea tangu siku uliyokinunua. Kiwekee bima, maana bima ipo na inarudisha sehemu ya thamani. Nami naongeza langu kwa huku kwetu: pesa halisi isiingie mle, hata shilingi 50.

Ya pili ni "kazi ya kucheza". Atakuja mtu kwenye Telegram au WhatsApp aseme atawalipa vijana kwa dola wachimbe madini usiku kucha kwenye akaunti atakazowapa. Kubadilisha pesa za mchezo kuwa pesa halisi kwa njia hiyo kumekatazwa kabisa, na akaunti zinafungwa. Zikifungwa kabla ya siku ya malipo, hakuna atakayewalipa na hakuna pa kushtaki. Nasema wazi mbele ya wazazi: EVE haitamlipa mtu yeyote mshahara. Anayekuja kwangu akitafuta kazi namwelekeza kwenye kozi, simfungulii mchezo.

Ya tatu ni kamari. Mnajua hali yetu. Mnaijua ile ndege ya kwenye simu inayopaa na kutoweka na nauli ya mtu. Mzazi akiona mwanawe yuko na chombo kinachoruka kwenye skrini ana haki ya kuuliza kama ni ile ile. Si ile. Tena mwaka 2016 kampuni ya EVE ilipiga marufuku tovuti za kamari zilizokuwa zikitumia pesa za mchezo, baada ya matajiri wa kamari kufikia kiwango cha kugharamia vita. Lakini sitaisifu sana, kwa sababu mwaka 2019 iliingiza bahati nasibu yake ndani ya mchezo, inayoitwa HyperNet. Mgeni aione, aipite.

Ya nne ni saa. Hii watu hawaifikirii. Wachezaji wengi ni wa Ulaya, na jioni yao ya saa mbili ni saa nne au saa tano usiku kwetu. Hapo ndipo makundi yanapokusanyika na kiongozi kuita watu vitani. Saa hizo saiba zimefungwa, ama ziko wazi na njia ya kurudi Gatwekera au Kabiro haina taa. Simu imeibwa na kijana ameumizwa kwa ajili ya vita vya kuchezea, na hilo limetokea. Basi fanyeni hivi: mkitafuta kikundi cha kujiunga nacho, ulizeni kama kina watu wa Australia na Asia. Jioni yao ni mchana wetu, kati ya saa tano na saa tisa. Mtapata wenzenu wa kucheza nao jua likiwaka.

Nimetaja kikundi. Hili ndilo la mwisho kwa uzito wake na nitakaa nalo kidogo.

EVE peke yako inachosha baada ya wiki mbili. Watu hujiunga katika kile mchezo unachokiita kampuni, lakini mimi nikieleza hapa nasema chama, kwa sababu ndivyo kilivyo. Kina mwenyekiti, kina mweka hazina, kina hazina ya pamoja na mnaamua nani apewe funguo. Kiko kimoja kilichoanzishwa mwaka 2004 kwa ajili ya kufundisha wageni tu, kinaitwa EVE University. Wanafundisha bure, kwa ratiba, wana madarasa ya kuzungumza na maandishi ya kusoma. Mgeni kutoka Kibera akiingia hapo hataulizwa anatoka wapi wala amesoma mpaka wapi. Ataulizwa kama amekuja kwa wakati.

Lakini vyama vinaibiwa. Historia ya EVE imejaa wajumbe waliokaa mwaka mzima wakijenga uaminifu, wakapewa funguo za hazina, wakatoweka nayo usiku mmoja. Wenye vyama hapa wananielewa. Na mara nyingine hakuna mwizi, kuna uzembe tu. Tarehe 27 Januari 2014, katika nyota inayoitwa B-R5RB, muungano mmoja mkubwa ulikuwa umeegesha vyombo vyake huko. Eneo hilo hulipiwa ada kama kodi. Malipo yale hayakupita. Umiliki ukafutwa, maadui wakaona, wakaingia. Vita vilichukua karibu saa 21, maelfu ya watu wakashiriki, na vyombo vikubwa kuliko vyote, vinavyoitwa Titan, vikalipuka 75. Kila kimoja huchukua wiki nyingi kuundwa na kazi ya watu wengi. Walioteketeza hesabu baadaye walikadiria hasara hiyo kuwa sawa na dola 300,000 na zaidi. Kwa kodi moja ambayo haikulipwa siku yake. Mweka hazina wa chama chochote aliye hapa, nakuomba ukumbuke jina hilo, B-R5RB.

Vijana wangu wa Kawangware walipanga kampuni yao wenyewe na wa Kibera yao, na mara ya kwanza kukutana walilipuana. Nilitarajia. Sasa wana makubaliano yaliyoandikwa: nani anachimba wapi, na mzigo wa mwenzio ukiupata unaurudisha kwa sehemu ya kumi. Yaliandikwa na wao, kwa Kiswahili, na yamevunjwa mara mbili, na mara zote mbili aliyevunja alilipa faini. Nimehudhuria mikutano ya watu wazima ambayo haikufika hapo.

Mzee pale mbele ananiuliza anga ina faida gani kwa mtoto wa huku. Mzee wangu, anga si ya wageni. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, na Wamarekani wakaiita Uhuru kwa heshima ya uhuru wetu. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza nyota kwa eksirei. Mwaka 2023, tarehe 15 Aprili, Taifa-1 ya Kenya ilikwenda juu. Na ndani ya EVE yenyewe kuna kazi ndogo iitwayo Project Discovery. Mchezaji anaonyeshwa data halisi za wanasayansi na kuzichambua. Mwaka 2017 data zilikuwa za kutafuta sayari zilizo nje ya jua letu, na aliyeshirikiana nao ni Michel Mayor wa Chuo Kikuu cha Geneva, ambaye mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel. Mwaka 2020 zikawa za seli za damu, kusaidia utafiti wa COVID-19. Baadhi yenu mmefanya kazi ya kuchora mipaka kwenye picha kwa malipo, humu Nairobi. Mle hamtalipwa ila kwa pesa za mchezo. Lakini msichana wangu wa vipuri alikaa saa mbili akitazama mstari wa mwanga wa nyota ukizama kidogo na kurudi, akaniuliza kwa nini unazama. Nikamwambia kuna sayari imepita mbele. Hakuuza kipuri siku hiyo.

Kwa atakayeanza, basi. Fungua akaunti ya bure kwa barua pepe yako mwenyewe, si ya saiba, na neno la siri usilolitumia kwenye M-Pesa wala kwingineko. Washa ulinzi wa hatua mbili. Maliza mafunzo ya mwanzo na uwafuate wale mawakala wa kazi wanaotoa vyombo vya bure. Wageni wengi wanawaruka na kupoteza mali ambayo wangepewa. Kuna chumba cha mazungumzo cha kusaidia wageni, uliza humo hata swali unaloona la kijinga. Kaa kwenye nyota zenye 0.5 na zaidi mpaka uchoke. Akikuita mtu usiyemjua mpigane kwa mchezo tu, kataa. Weka saa ya kutoka kabla hujaingia. Na mzazi, mara moja kwa wiki mwambie akuonyeshe daftari. Usipoelewa, uliza bei ya kununua na bei ya kuuza. Hizo utazielewa.

Naona saa nane inakaribia. Kila siku saa nane mchana kwa saa zetu seva ya London inafungwa dakika chache ifanyiwe usafi, kwa hivyo hata wale walioacha vyombo vyao wazi pale nyuma, nawaona, sasa mtafukuzwa. Tuchukue maswali. Mama wa kitambaa cha samawati, ulikuwa wa kwanza kuinua mkono.